Anayemlisha Dagaa wa Bumbire

Mchukue dagaa mmoja aliyetolewa majini alfajiri kisiwani Bumbire, kabla jua halijamkausha. Mpasue tumbo kwa wembe, kamulia kilichomo juu ya kipande cha kioo, ongeza tone la maji, kisha tazama kwa hadubini ya kawaida, hata ile ya maabara ya sekondari. Utaona vipande vya wanyama: miguu yenye vinyweleo, vipapasio vilivyokatika, jicho moja katikati ya kichwa, pengine na mfuko wa mayai ambao haujasagika. Hao ni kopepodi, ndugu wa mbali wa kamba na kaa, na wengi wao hawafiki hata urefu wa milimita moja. Kando yao huenda ukakuta viluwiluwi vya wale wadudu wa ziwa ambao, siku yao ya kutoka majini, huinuka kwa wingi hadi kuziba upeo wa macho. Baadhi ya dagaa utawakuta na mnyoo mweupe, mpana, aliyejaza tumbo zima. Mnyoo huyo naye ameingia kwa njia ileile, ndani ya kopepodi aliyeliwa.

Dagaa wa Ziwa Victoria, basi, ni mla nyama. Nyama hiyo imetoka wapi?

Jibu tulilofundishwa darasani ni fupi. Jua hulisha mwani, mwani hulisha wanyama wadogo, wanyama wadogo hulisha dagaa, dagaa humlisha sangara, na binadamu anasubiri mwisho wa mstari akiwa na nyavu. Mishale yote kwenye mchoro ule inapanda juu. Mchoro si wa uongo, ila umeacha nje kundi kubwa la wenyeji wa ziwa, na bila kundi hilo mtu anayeitazama Bumbire hawezi kuelewa kwa nini maji yake yanalisha watu wengi kiasi hiki, wala kwa nini maji hayohayo siku nyingine huua samaki.

Tuanze na mwani wenyewe. Seli ya mwani haifungi kama chupa, inavuja. Sehemu ya sukari inayotengeneza kwa mwanga wa jua huponyoka na kuyeyuka majini, mara nyingine asilimia 10, mara nyingine zaidi ya hapo, hasa seli inapozeeka au inapokosa virutubisho. Kopepodi anapoitafuna seli, naye hamalizi: ukuta unapasuka na maji ya ndani yanamwagika pembeni ya mdomo. Kinyesi chake kinayeyuka. Samaki wanakojoa. Virusi, ambao ndio wengi kuliko viumbe wote majini, wanaipasua seli na kuacha vilivyomo vikielea. Vyote hivi hugeuka kuwa chakula kilichoyeyuka, na jumla yake katika maji ya wazi kwa kawaida huzidi uzito wa viumbe hai wote wanaoogelea humo. Hakuna samaki anayeweza kukila. Kopepodi hana namna ya kukikamata. Kwa hesabu ya ule mchoro wa darasani, kimepotea.

Anayeweza kukichukua ni bakteria. Hana mdomo, anafyonza kupitia ukuta wa mwili wake, na kwa kuwa mwili wenyewe ni mdogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita kwa wengi wao, eneo la kufyonzea ni kubwa sana likilinganishwa na ujazo wa mwili. Mililita moja ya maji ya ziwa, yaani moja ya tano ya kijiko cha chai, kwa kawaida huwa na bakteria milioni moja au zaidi, na katika maji yenye rutuba nyingi idadi hupanda hadi milioni kadhaa. Wanaongezeka haraka, lakini idadi yao haifuriki, kwa sababu wanaliwa. Wawindaji wao wakuu ni flajeleti, viumbe wa seli moja wenye mjeledi wa kuogelea, ambao mmoja wao humeza bakteria mmoja baada ya mwingine mchana na usiku. Flajeleti wanaliwa na siliati, wakubwa zaidi, waliofunikwa vinyweleo vinavyopiga kasia. Siliati ndio saizi hasa inayomfaa kopepodi. Na kopepodi, tumeshamwona, yumo tumboni mwa dagaa. Kilichovuja kimerudi mezani kwa mlango wa nyuma. Wanasayansi wanauita mzunguko wa vijidudu.

Ajabu ni kwamba haya yote yalifichika hadi juzi tu. Kwa miongo mingi bakteria wa majini walihesabiwa kwa kuoteshwa maabara juu ya rojo ya chakula, na wengi wao hawakubali kuota humo. Aliyeona wachache akasema ni wachache. Mwaka 1974 Lawrence Pomeroy wa Marekani aliandika kwamba picha ya chakula cha bahari ilikuwa na kasoro kubwa, kwamba viumbe wadogo kabisa ndio wanaotumia sehemu kubwa ya nishati. Miaka mitatu baadaye, John Hobbie na wenzake wakachapisha njia ya kuhesabu ambayo bado inatumika. Unachuja maji kwenye utando mwembamba uliotiwa rangi nyeusi, wenye vitundu vidogo kuliko bakteria. Unawapaka bakteria rangi inayong'aa, kisha unawamulika kwa mwanga wa buluu. Wanawaka kijani juu ya weusi ule, na unawahesabu mmoja mmoja. Ghafla idadi ikaruka mara mamia. Mwaka 1983 Farooq Azam wa Taasisi ya Scripps huko California, pamoja na wenzake watano, wakaunganisha vipande hivyo katika makala moja ambayo ndiyo iliyoupa mzunguko huu jina lake.

Sasa turudi kisiwani. Bumbire iko mkabala na mwambao wa Muleba, kusini mwa Bukoba, ikiwa na jirani zake Iroba, Kerebe, Mazinga na, mbali zaidi ziwani, Goziba. Wazungu walilisikia jina la kisiwa hiki kwa sababu ya damu: Henry Morton Stanley alizozana na wenyeji hapo Aprili 1875, akarudi Agosti mwaka huohuo na bunduki na kuwaua watu waliokuwa ufukweni. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilizua hasira kubwa. Natamani Bumbire ijulikane kwa jambo jingine, nalo ni kazi inayofanyika chini ya mitumbwi yake kila usiku wa giza.

Wavuvi wa dagaa wanahesabu mwezi kwa namna yao. Kuna siku za mbalamwezi, ambazo wengi hukaa nchi kavu wakishona nyavu, na kuna giza. Giza likiingia, taa zinatandazwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za sola na betri. Usiku ndio wakati kopepodi na viluwiluwi vya wadudu wa ziwa hupanda kutoka vilindini kuja juu kula, na dagaa huwafuata. Taa inawakusanya, nyavu zinawafunga. Asubuhi kina mama wanaanika mzigo juu ya mawe, mchanga au chanja, wakiomba mvua isinyeshe, na wanunuzi wanaupeleka Bukoba, Mwanza, Rwanda, Kongo. Leo dagaa ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa Ziwa Victoria. Sangara ndiye mwenye viwanda na ndege za kumsafirisha, lakini anayelisha nyumba za watu wa kawaida, na mabanda ya kuku pia, ni huyu wa sentimita tano au sita.

Na ziwa linalomlisha limebadilika mno. Mwaka 1927 E. B. Worthington, aliyekuja katika uchunguzi wa uvuvi ulioongozwa na Michael Graham, alizamisha sahani nyeupe katika maji ya mbali na pwani na akaendelea kuiona hadi mita 7 hivi. Kufikia miaka ya 1990, sahani kama hiyo ilipotea machoni baada ya mita 2 au 3, na katika ghuba nyingi kabla ya mita moja. Rose Mugidde, mtafiti wa Uganda aliyefanya kazi Jinja, alilinganisha vipimo vyake na vile vya Jack Talling vya 1960 na 1961, akachapisha mwaka 1993 kwamba mwani wa ziwa ulikuwa ukizalisha karibu mara mbili ya zamani. Robert Hecky, mwaka huohuo, alionyesha kwamba silika iliyoyeyuka majini ilikuwa imeshuka hadi moja ya kumi. Silika ndiyo malighafi ya dayatomu, mwani wenye ganda la kioo. Dayatomu wakubwa wa zamani walikwisha, wakaachia nafasi dayatomu wembamba na sayanobakteria, wale wanaofanya maji yawe kama rangi ya kijani iliyomwagwa.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mzunguko wa vijidudu unapoacha kuwa somo la vitabuni na kuwa habari ya Muleba. Kopepodi ana mdomo wa ukubwa fulani. Sayanobakteria wengi wa Victoria wanaishi katika makundi yenye ute, kama mikrosistisi, au katika nyuzi ndefu kama anabena, na baadhi yao hutengeneza sumu. Mwaka 2005 Benedicta Sekadende, Thomas Lyimo na Rainer Kurmayer walichapisha ushahidi wa sumu ya mikrosistini katika Ghuba ya Mwanza. Kwa mnyama wa milimita moja, kundi la namna hiyo halitafuniki, au likitafunika halina lishe nzuri, au lina madhara. Basi ziwa limejaa kijani ambacho wala-kijani wake hawakiwezi. Kwa hesabu ya mchoro wa darasani, ziwa lingekuwa na majani mengi na mifugo inayokonda.

Lakini sayanobakteria hufa. Hupasuliwa na virusi, huchomwa na jua kali la juu ya maji, hukosa fosforasi, huzama. Wakishavunjika, ute na sukari zao zinakuwa mali ya bakteria, bakteria mali ya flajeleti, flajeleti mali ya siliati, na kopepodi anapata kwa mkono wa tatu kile alichoshindwa kukila moja kwa moja. Kopepodi wa jamii ya saiklopi, ambao ndio wengi Ziwa Victoria, wanapenda mawindo yanayotembea. Siliati anayeogelea anawafaa kuliko uzi wa kijani uliotulia. Kwa hiyo sehemu ya dagaa anayeanikwa Bumbire imepitia kwa bakteria.

Sehemu gani? Hapa inabidi kuwa mwangalifu, kwa sababu wanasayansi wenyewe walibishana kwa muda mrefu. Kila mkono unaopokea chakula hutumia sehemu kubwa kwa kuhema na kuishi, na kinachobaki kupitishwa ni kidogo, sawa na gunia la dagaa linalotoka mwaloni kupitia madalali wanne kabla ya kufika sokoni. Mzunguko wa vijidudu unaongeza madalali. Mwaka 1986 Hugh Ducklow na wenzake waliripoti jaribio lililofanywa katika mfuko mkubwa wa maji ya bahari ya Scotland, mita za ujazo 300. Walitia sukari yenye alama ya kaboni ya mnururisho ili waweze kuifuata. Baada ya siku 13, asilimia 2 tu ya kile bakteria walichokichukua ilikuwa imefika kwa viumbe wakubwa zaidi. Iliyobaki kwa sehemu kubwa ilikuwa imetoka kama hewa ya ukaa au imerudi tena kuyeyuka majini. Wakahitimisha kwamba kazi kuu ya bakteria huenda si kuwa chakula, bali kuachia upya virutubisho.

Wengine walisoma matokeo hayo kama kushindwa kwa nadharia. Mimi nayasoma tofauti, hasa kwa ziwa la joto. Flajeleti anapomeza bakteria hupata nitrojeni na fosforasi nyingi kuliko anazohitaji, na ziada anaitoa majini mara moja, katika umbo ambalo mwani unaweza kulitumia tena kesho yake. Katika maji ya nyuzi 24 hadi 27, kama yalivyo ya juu ya Victoria, duru hiyo inazunguka haraka mwaka mzima, bila majira ya baridi kuipunguza mwendo. Fosforasi ileile hutumika, huachiwa na kutumika tena mara nyingi kabla ya kuzama. Hata kama ni kaboni kidogo tu inayopanda kwa dagaa kupitia kwa bakteria, mwani unaoliwa na kopepodi mwingine pembeni umekua kwa mbolea iliyoachiwa na mzunguko huu.

Afrika Mashariki ilikuwa na kisa chake kabla hata ya ule mjadala wa Scotland. Mwaka 1975 Robert Hecky na Everett Fee walipima uzalishaji wa mwani katika Ziwa Tanganyika. Maji yake ni maangavu, mwani mchache, lakini wavuvi wa Kigoma na Bujumbura walikuwa wakitoa dagaa na migebuka kwa wingi usiolingana. Katika maandishi yao ya 1981 walipendekeza kwamba bakteria na viumbe wa seli moja huenda ndio wanaoziba pengo hilo. Miaka ya 1990 timu iliyomjumuisha Jouko Sarvala wa Finland ilipima upya na kukuta uzalishaji wa mwani ni mkubwa kuliko ulivyodhaniwa, na kwamba unatosha kueleza wingi wa samaki wale. Halafu watafiti waliokuja baadaye wakakuta kwamba sehemu nzuri ya mwani wenyewe wa Tanganyika ni seli ndogo kupindukia, zenye ukubwa wa bakteria, ambazo kopepodi hawezi kuzikamata bila flajeleti na siliati kumtangulia. Kwa hiyo Hecky na Fee walikuwa wameelekea upande sahihi ingawa hesabu yao ilirekebishwa. Nakipenda kisa hiki kwa sababu swali lenyewe lilizaliwa kwenye maji yetu, likiulizwa na samaki wetu.

Chini, kwenye tope, kuna ukurasa mwingine. Kabla ya sangara kutawala, sakafu ya Ziwa Victoria ilikuwa na furu wa kila namna, na miongoni mwao kundi kubwa lilikula mabaki: chembe za mwani uliooza zilizovikwa bakteria. Timu ya Chuo Kikuu cha Leiden iliyofanya kazi Mwanza kuanzia 1977 pamoja na watafiti wa Tanzania iliwafuatilia, na kwa bahati mbaya ikawashuhudia wakitoweka. Sangara, aliyepandikizwa upande wa Uganda katikati ya karne iliyopita, alifumuka miaka ya 1980, na aina zipatazo 200 za furu zikapotea au zikawa adimu mno. Nani angekula mabaki sasa? Uduvi. Uduvi wa ziwa, aina moja tu, aliongezeka sana na kushika kazi ya furu wengi waliopotea. Anaokota chembe zenye bakteria, anavumilia maji yenye oksijeni kidogo, na yeye mwenyewe ni chakula kikuu cha sangara wachanga. Ukila minofu ya sangara mjini Bukoba, umekula bakteria wa tope la ziwa waliopita mikononi mwa uduvi.

Ningependa habari iishie kwenye shibe, lakini mzunguko huu unahema. Bakteria anapovunja kaboni hutumia oksijeni. Juu ya maji si tatizo, upepo unarudisha. Chini ni habari nyingine. Kuanzia kama Septemba hadi Aprili, maji ya juu yanapata joto na kulala juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo. Mabaki yanaendelea kunyesha kutoka juu, bakteria wanaendelea kula, na oksijeni iliyofungiwa chini inaisha. Talling alipopima mwaka 1960 na 1961, hali hiyo ilikuwapo kwa kiasi. Hecky na wenzake walipopima tena mwaka 1990 na 1991, maji yasiyo na oksijeni ya kutosha yalikuwa yamepanda juu zaidi na kudumu muda mrefu zaidi, hadi karibu nusu ya sakafu ya ziwa ikawa haikaliki na samaki kwa miezi kadhaa ya mwaka. Ikifika Juni na Julai, pepo za kusi zinapoza na kuyakoroga maji hadi chini, ziwa linapata pumzi, na mbolea iliyokuwa imefungiwa vilindini inapanda juu.

Ikitokea dhoruba ya ghafla ikayainua maji yale ya chini kabla hayajapona, samaki hufa. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wakubwa walionekana wakielea upande wa Uganda na Kenya. Uvumi wa sumu ulienea haraka. Wataalamu wa uvuvi wa Uganda walieleza kwamba chanzo ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuyachanganya maji. Sangara mkubwa ndiye anayehitaji oksijeni nyingi, ndiyo maana alitangulia yeye. Aliyeitumia oksijeni hiyo hakuwa mtu mwenye chupa ya sumu. Walikuwa bakteria, wakifanya kazi yao ya kila siku, ila wakiwa wamepewa mabaki mengi kuliko ziwa linavyoweza kuyahemea.

Na mabaki hayo yamezidi kwa sababu yetu. Mto Kagera, mkubwa kuliko mito yote inayoingia Victoria, unaleta udongo wa milima ya Rwanda, Burundi na Karagwe; ndio pia ulioshusha magugu maji, ambayo yakifa na kuoza yanakuwa karamu nyingine ya bakteria. Palipofyekwa mafunjo ili kulima, hakuna tena cha kuyachuja maji hayo kabla hayajafika ziwani. Lakini jambo lililonishangaza kuliko yote ni utafiti wa Rashid Tamatamah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa sekta ya uvuvi. Pamoja na Hecky na Hamish Duthie, alichapisha mwaka 2005 kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani hutoka angani, katika vumbi na mvua. Moto unaowashwa porini mwezi Agosti, jivu la mashamba na vumbi la malisho yaliyochakaa vinapeperuka na kutua majini. Ziwa hili linapata karibu asilimia 80 ya maji yake kutoka kwenye mvua inayonyesha juu yake, kwa hiyo kila kilichoko hewani lazima kilifikie. Mtu anaweza kuwa hajawahi kuliona ziwa na bado akaulisha mwani wake.

Kisha kuna jambo la vyoo, ambalo haliandikwi vya kutosha. Giza likiingia, kambi za visiwani hujaa watu kuliko vyoo vilivyopo, na palipo na mwamba, kuchimba shimo ni kazi ngumu. Kinyesi kinaishia majini, na maji hayohayo yanachotwa kwa kunywa. Bakteria wa kipindupindu ana tabia ya kujishikiza kwenye mwili wa kopepodi, na Rita Colwell na wenzake waliitumia tabia hiyo kwa busara ya ajabu huko Matlab, Bangladesh. Waliwafundisha akina mama kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Vitundu vya kitambaa kilichokunjwa havimzuii bakteria aliye peke yake, ila vinamzuia kopepodi aliyembeba. Matokeo yao ya 2003 yalionyesha kipindupindu kupungua kwa karibu nusu vijijini palipochujwa hivyo. Kuchemsha na kutia dawa bado ndiyo kinga ya kweli, na kila kambi inastahili choo. Lakini pale ambapo kuni zimeisha na dawa haijafika, khanga iliyokunjwa ina kazi.

Tunawapima vipi hawa wasioonekana? Nchi tatu za ziwa, chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililoundwa mwaka 1994 lenye makao yake Jinja, zimekuwa zikihesabu samaki kwa mawimbi ya sauti yanayotumwa kutoka melini. Ni kazi nzuri, na bila hiyo tusingejua dagaa ni wengi kiasi gani. Mawimbi hayo hayawezi kumwona bakteria. Mijadala yetu ya uvuvi nayo imekwama kwenye tundu la nyavu, idadi ya taa na leseni, mambo ya haki kabisa, lakini yote yanahusu mwisho wa mstari. Kama mzunguko wa chini umeelemewa, nyavu halali kabisa zitarudi tupu na hakuna afisa atakayekuwa na kosa la kuandika.

Kinachohitajika kisiwani si maabara ya mamilioni. Sahani nyeupe na kamba yenye alama za mita. Kipimo cha oksijeni kinachozamishwa hadi chini, kitumike kila giza na kila mbalamwezi, mahali palepale kati ya Bumbire na nchi kavu. Chupa ndogo za maji zilizotiwa dawa ya kuhifadhi zinaweza kusafiri kwa boti na basi hadi kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) huko Mwanza, zikachujwa huko kwenye utando mweusi na kuhesabiwa chini ya mwanga wa buluu. Vikundi vya usimamizi wa mialo tayari vinaandika mzigo unaotua. Safu mbili zaidi kwenye daftari hilohilo, ya uangavu wa maji na ya oksijeni, zingemwezesha mvuvi wa Kerebe kujua mwezi Machi kwamba maji mabaya yamepanda hadi mita ngapi, kabla hajatandaza taa zake juu yake.